Siku wakwe walipokuja kuamua nyumba ninayoishi, na tambi zikiwa jikoni

Wakuu, habari za Jumapili.

Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu. Nyuzi zenu zimenisindikiza kwenye maegesho ya malori kuanzia Tunduma mpaka Rusumo, nasoma, nacheka peke yangu, nalala. Leo na mimi naleta ya kwangu.

Yote yametokea kama nitakavyoyaandika. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu kuna shemeji yangu mmoja yumo humu na sijui anatumia jina gani. Shemeji, ukijitambua, nyamaza.

Ni ndefu kidogo. Tafuteni pa kukaa.

Mimi ni mstaafu wa miaka arobaini na nane.

Najua hapo kuna mtu ameshacheka. Elimu yangu ni kidato cha nne, kazi yangu maisha yote ni udereva wa malori. Sasa mwaka jana nikagundulika nina presha ya macho. Jicho la kulia limebaki kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kampuni wakaniita ofisini, tukapeana mikono, nikaweka funguo mezani. Basi, imeisha hivyo. Nilitoka getini kwa miguu, na mlinzi akaniuliza, "Leo gari umeacha wapi?"

Nikaendelea kutembea.

Naishi Morogoro, mlimani kidogo juu ya Bigwa. Ukikaa barazani kwangu unauona mji wote chini, na ukiwa na macho mazima unaiona na barabara kuu inavyokwenda. Mimi nayasikia malori tu. Nikisikia injini najua ni gari gani na kama limebeba au liko tupu.

Watu wanadhani kustaafu ni kupumzika. Wakuu, kupumzika kunahitaji kazi ya kupumzika nayo.

Naamka kabla ya adhana, kwa sababu mwili unataka kwenda kupima oili. Nakaa ukingoni mwa kitanda. Gari hakuna. Naswali, nachemsha chai, nafagia uwanja ambao jana niliufagia. Ikifika saa mbili asubuhi siku yangu imeshakwisha, na jua ndiyo kwanza linapanda kutoka upande wa Kingolwira.

Hapo ndipo miguu inaanza kuwasha.

Nateremka mpaka stendi ya Msamvu, nakaa kwenye kibenchi, naangalia mabasi. Wapiga debe wananifuata: "Mzee, Dodoma? Iringa hiyo inaondoka, Mbeya mzee?" Nawaambia nimemsindikiza mtu. Kila siku namsindikiza mtu ambaye hayupo. Sasa wamenizoea, wakiniona wanasema, "Huyo wa kusindikiza kaja."

Siku nyingine nafuata reli kwa miguu mpaka Kingolwira, nakunywa maji, nageuza. Siku nyingine napanda basi mpaka Dumila kununua vitunguu. Wakuu, vitunguu Morogoro vimejaa. Naenda Dumila kwa sababu ni safari.

Na Dumila ndipo panaponiumiza zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Mke wangu alikuwa Mluguru wa hapa hapa. Tumwite Mwanahawa. Alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, homa ya siku chache tu, mimi nikiwa Kahama na mzigo. Hatukujaliwa mtoto.

Kwa wasiowajua Waluguru, niweke hili sawa, maana bila hili uzi hautaeleweka. Hawa ndugu zetu ukoo wao unafuata kwa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa anaweza kujenga na kulima kwenye ardhi ya mkewe, na hakuna atakayemsumbua mke akiwa hai. Mke akifariki ameacha watoto, watoto ni wa ukoo ule, baba anaishi kivulini kwao. Mke akifariki bila mtoto, ardhi inarudi kwa wenyewe.

Na mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nyumba nimejenga mimi, tofali nimefyatua mimi nikiwa likizo. Lakini udongo ule si wangu, na niliambiwa hivyo siku ya kwanza, wala sikufichwa.

Kwa hiyo shemeji yangu mkubwa, kaka yake marehemu, tumwite Salum, alipopiga simu akasema, "Jumamosi tunakuja kwako, tuna neno," nilijua ni neno gani. Kulikuwa na binti wa ukoo anaolewa, Zuhura, mtoto wa mdogo wake Mwanahawa. Anahitaji pa kukaa. Nyumba ya mama yake mkubwa ipo, ndani yake yumo mwanamume mmoja anayefagia uwanja.

Nilikata simu, nikakaa. Nikawaza mambo mengi. Halafu nikawaza nitawapikia nini.

Jibu likaja lenyewe: tambi za Mtaliano.

Hapa naomba nirudi nyuma.

Nikiwa kijana niliendesha tipa kwenye ujenzi wa barabara, huko nyuma ya milima, njia ya Matombo. Kempu yetu ilikuwa porini, mvua kila siku, ukungu unaingia mpaka ndani ya hema. Injinia wetu alikuwa Mtaliano mmoja mrefu, tumwite Renato. Alikuwa anakula peke yake kwenye kontena lake, mpishi anampelekea.

Jumapili moja mpishi akaenda kwao msibani. Tukamwona Renato anatoka na sufuria kubwa, anawasha moto mwenyewe uwanjani. Fomeni akamfuata, "Bosi, wacha vijana wapike." Renato akasema, na Kiswahili chake kile cha kempu, "Mimi leo iko pika kwa yote. Mimi iko choka kula na ukuta."

Kwanza akataka majani. Anataja jina kwa lugha ya kwao, sisi hatuelewi. Akaanza kuzunguka uzio ananusa nusa kama mbuzi. Akafika kwenye kichaka cha kivumbasi, akachuma jani, akalisugua mkononi, akanusa, akafumba macho. Akasimama pale muda mrefu mno.

Sasa kivumbasi wote mnakijua. Sisi kile tunachoma kufukuza mbu. Bibi zetu wanakitumia kwa mambo mengine ambayo siyasemi humu. Kuona mzungu anakikatakata anakitia kwenye mchuzi wa nyanya, watu walianza kusema maneno. Fundi wetu wa matairi, Mzaramo mmoja anaitwa Shomari, akaninong'oneza, "Huyu anajitibu. Tusile."

Lakini njaa haina aibu. Tambi zikaiva, zikamwagwa kwenye sinia kubwa, mchuzi juu. Renato akaingia ndani ya kontena kufuata kitu.

Shomari akaonja kwa ncha ya kidole. Akaniangalia kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Kasahau sukari."

Wakuu, msinicheke. Sisi tambi tulizozijua ni zile za futari, za nazi na iliki na sukari inanatanata. Tambi zisizo na sukari ni sawa na chai isiyo na majani. Tukaona mzee wa watu kajitahidi, kapika juani, tusimwaibishe. Mimi nikakimbia mesi nikaleta kopo la sukari. Tukamwagia sinia zima, tukakoroga vizuri ili asijue.

Renato akatoka amebeba kipande cha jibini, anakikwangua juu ya chakula taratibu kwa heshima zote. Ile jibini ilinuka soksi za fundi. Akachukua uma, akazungusha, akatia mdomoni.

Akatulia.

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani iko fanya hii?"

Mimi kopo bado nilikuwa nalo mkononi.

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Yule mtu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi matopeni, machozi yanamtoka. Na siri yake nadhani mimi peke yangu niliiona, kwamba alipomaliza kucheka machozi hayakukoma.

Tukala lile sinia lote, na sukari yake. Jumapili iliyofuata akapika tena, safari hii kopo akalifungia ndani ya gari. Ndiyo siku niliyoonja chakula cha Kitaliano kwa mara ya kwanza kama kinavyotakiwa kuonjwa. Uchachu wa nyanya, vitunguu saumu, yale majani, na tambi zenyewe zina kiini kidogo zikikatika kwenye jino. Alinifundisha jambo moja tu: maji yakichemka usiondoke, na zikiiva hazisubiri mtu. "Watu iko ngoja tambi," alisema. "Tambi hapana ngoja watu."

Niliporudi nyumbani likizo nikabeba pakiti. Mwanahawa wangu alisikiliza maelezo yote mpaka nilipofika kwenye kivumbasi.

"Yaani nikupikie dawa ya mbu?"

"Jaribu tu, mke wangu."

"Nikijaribu ukafa watasema nimekuroga. Wanyamwezi mna maneno nyie."

Akapika. Akaonja amekunja uso. Akaonja tena. Akavuta sahani upande wake.

Tangu siku ile kikawa ndicho chakula cha kunipokea. Nikitoka safari, nikifika Dumila nampigia simu: "Niko Dumila." Basi. Yeye anakadiria mwenyewe, lori langu la mzigo, kuegesha yadi, bodaboda ya kupanda mlima. Nikiingia uwanjani nakuta maji ndiyo yanachemka. Hakukosea hata siku moja, sijui alikuwa anahesabu vipi.

Ndiyo maana nimesema Dumila panauma. Siku hizi nikishuka pale kununua vitunguu visivyo na kazi, mkono unaingia mfukoni wenyewe kutafuta simu. Naishika. Naangalia majina. Nairudisha.

(Samahani wakuu, niliwaacha hapo, mvua ilikata umeme. Naona kuna mkuu kauliza kama Waluguru wanafukuza wajane wa kiume. Hapana. Soma mpaka mwisho. Na wewe unayeuliza kivumbasi kinapatikana wapi, toka nje ya nyumba yako uangalie.)

Jumamosi ikafika.

Nilikuwa nimejiandaa kama napeleka gari kukaguliwa. Mchuzi niliupika tangu asubuhi, nyanya nzuri, moto mdogo. Mkeka nikautandika barazani. Nikakariri na maneno yangu: tofali nilizofyatua, bati nilizoezeka, kisima nilichochimba, miaka niliyoishi na dada yao bila kumpandishia sauti. Niliyapanga kama mzigo, mazito chini, mepesi juu.

Nilitaka kubaki, wakuu. Niwe mkweli. Mimi ambaye sijawahi kutulia mahali wiki mbili, nilitaka kubaki kwenye nyumba ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kila kona pana mkono wake. Nikihama nitakuwa nimemwacha.

Nilipoviona vichwa vyao vinapanda kwenye njia, nikatia tambi kwenye maji. Nikapiga hesabu: wafike, tusalimiane, wanawe mikono, sahani ziwe mbele yao.

Hesabu ile ilikuwa ya dereva. Mila sikuiweka.

"Hodi hapa kwa Mnyamwezi!" Salum akaita.

"Karibuni. Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Hujapata bado mzigo wa kubeba urudi kwenu Tabora?"

Huo ni utani wetu wa miaka yote, Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Siku nyingine ningemjibu vizuri sana. Siku ile ukaniingia.

Mdogo wake Mwanahawa, Bi Tatu, akauona uso wangu. "Kaka, utani mwingine uwe unauacha huko chini kwenye lami."

Nyuma yao alikuwa binti yake, Zuhura mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa. Akapiga goti. "Shikamoo baba mkubwa." Hakuniangalia.

Nikasema karibuni mkekani, chakula tayari.

Salum akavua viatu, akakaa mkekani, akakunja miguu. "Shemeji, sisi tumekuja kwa neno. Neno kwanza, sahani baadaye. Nikila chako kwanza, maneno yangu yatakuwa na mafuta."

"Shemeji, hiki chakula hakingoji."

"Chakula gani hakingoji? Ugali wa wapi huo?"

"Basi niepue tu sufuria, narudi."

"Kaa chini. Mtu hainuki neno likiwa mkekani."

Nikakaa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hawa ndio wenye ardhi. Nikainuka, nimewadharau.

Na Mluguru mtu mzima akikuambia ana neno, haanzi na neno. Anaanza na habari. Tulipewa habari za mzee wa Kinole anayeumwa mguu. Habari za migomba iliyoangushwa na upepo. Habari za kijana wa ukoo aliyekwenda Dar na haoni haja ya kupiga simu. Mimi naitikia, "Mh. Alaa. Mungu amsaidie." Masikio yangu yako jikoni. Nasikia kifuniko kinacheza. Kisha nasikia kinacheza taratibu. Kisha sikisikii.

Nilijua maji yanakauka. Nilikuwa naona sufuria ndani ya kichwa changu.

Hatimaye Salum akakohoa.

"Shemeji. Nyumba hii umejenga wewe, hakuna anayebisha. Udongo ni wa bibi yetu, na wewe hubishi. Dada yetu hakuacha mtoto. Huyu binti anaolewa baada ya mavuno, na mchumba wake anaendesha bajaji mjini, amepanga chumba kimoja kinavuja. Hatukuja kukufukuza. Angalau mimi sikuja na moyo huo. Tumekuja kukuuliza kitu kimoja, ujibu, kisha tuamue."

"Uliza shemeji."

"Miaka yote ulikuwa unakuja, unakula, unalala, unaondoka. Dada yetu akiwa hai tulisema, ni kazi. Sasa kazi huna. Kila siku tunakuona Msamvu, tunakuona Dumila, tunakuona relini Kingolwira kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kwetu hapo chini huingii. Sasa tuambie. Wewe ni mtu wa hapa, au ni mtu wa barabarani?"

Wakuu, mzigo wangu wote ukamwagika. Tofali, bati, kisima, sikukumbuka hata kimoja.

Nikasema, "Sijui, shemeji."

Akainua macho.

"Nikiwa barabarani nilijua kwangu ni wapi," nikasema. "Tangu nimeacha barabara, sijui."

Zuhura alikuwa anachomoa chomoa ukili wa mkeka.

Ndipo Bi Tatu akavuta pumzi kwa pua. "Kaka," akasema, "neno lako linaungua."

Tuliingia jikoni wote. Moshi. Nilifunua sufuria, na tambi zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, mviringo wa sufuria, chini nyeusi. Ningeweza kuzibeba kwa mkono mmoja kama tairi dogo.

Sijui nini kilinipata. Kwenye msiba wa mke wangu sikutoa chozi mbele ya watu, nilifika nimechelewa na nikazika kama mwanamume. Siku ile nikashika ile sufuria nikalia, mtu mzima, mbele ya wakwe, kwa sababu ya tambi. Nilikuwa nasema, "Hazingoji, niliwaambia hazingoji."

Bi Tatu akanipokonya sufuria. Hakunibembeleza. Akachukua kisu, akalikata lile donge vipande vya pembe tatu, kama mkate wa kumimina, akamwagia mchuzi juu, akapanga sahani.

"Tukale," akasema.

Tukala mkekani. Salum alitafuna muda mrefu. Alitafuna mpaka mishipa ya kichwa ikamsimama.

"Hiki ndicho chakula Mwanahawa alikuwa anatusifia?"

"Ndicho, shemeji."

"Mwenyezi Mungu amrehemu dada yangu. Alikuwa mwongo."

Zuhura ndiye aliyeanza kucheka. Akapaliwa. Bi Tatu akampiga mgongoni huku na yeye anacheka. Nami nikacheka, kamasi bado zinanitoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba jina la mke wangu linatajwa ndani ya nyumba ile na watu wakacheka.

Baada ya kunawa, Salum akatoa uamuzi, na hakuuzungusha. Nyumba inakwenda kwa Zuhura. Chumba cha uani, kile nilichokuwa natunzia matairi na spana, ni changu, na hakina mwisho. Nikifa nitazikwa karibu na dada yao. Nikitaka kwenda Tabora, niage.

Sikushinda, wakuu. Nisiwadanganye. Nyumba ilikwenda.

Nikasema nimekubali.

"Na mimi nina langu," Zuhura akasema. Mara ya kwanza kufungua mdomo kwa ajili ya neno lile. "Jiko liwe moja. Baba mkubwa asiwe anapika peke yake huko uani."

"Mwanangu, mimi nimezoea kula peke yangu."

Bi Tatu akajibu kabla yake. "Hujazoea. Huna namna tu."

Harusi imepita, nzuri, watu wengi. Nimehamia uani. Nguo za Mwanahawa Bi Tatu alizigawa kwa ndugu kama inavyotakiwa, mimi nilibaki na kanga moja, siwaambii nimeitandika wapi.

Jioni ya kwanza, nimejilaza, nasikia sauti za watu wawili ndani ya nyumba niliyoijenga. Zuhura akaja mlangoni. "Baba mkubwa, karibu chakula."

Nikajibu, "Ahsante mwanangu, nimeshiba."

Tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu. Sijui kwa nini nilisema vile. Nikalala nasikiliza vijiko vyao. Mume wake akasema, "Mwache mzee apumzike." Nilimchukia kijana wa watu bila sababu.

Kesho yake akaita tena. Nimeshiba tena. Nikawasha jiko langu dogo la mkaa uani, nikakaanga yai moja.

Siku iliyofuata hakuniita. Alikuja mchana mimi nikiwa Msamvu. Narudi, nakuta jiko langu la mkaa halipo. Sufuria hazipo. Hata birika. Nikatoka uwanjani.

"Zuhura, umeona jiko langu?"

Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. "Nimelichukua. Tulikubaliana mkekani, na mjomba alikuwepo. Ukisikia njaa, mlango unaujua. Uliuweka wewe."

Nilirudi chumbani nimekasirika. Nikapanga begi, kweli kabisa, nguo chache na dawa za macho. Wali ulikuwa unanukia. Nikakaa kitandani na begi mapajani, mpaka kiza kikaanza kuingia, na nilichokuwa nangoja ni kuitwa ili niseme nimeshiba.

Hakuna aliyeita.

Nikaliweka begi chini. Nikavuka uwanja.

Idi, yule mume, akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi. Zuhura akaniwekea maji ya kunawa. Walikuwa wanabishana kuhusu bei ya matairi ya bajaji, wakaendelea kubishana. Baadaye kidogo Idi akaniuliza, "Eti baba mkubwa, tairi la mtumba linafaa?" Nikamwambia halifai, na kwa nini. Nikajikuta naongea mpaka wali umepoa.

Sitawaambia upweke umekwisha. Haujakwisha. Nikimaliza kula nikirudi uani, chumba ni kidogo na mtu ninayemtaka hayumo. Malori bado nayasikia chini. Asubuhi bado naamka kupima oili.

Ila kuna jambo nimejifunza nikiwa na umri huu. Wenzangu mliozoea njia, mliostaafu, mliofiwa, au mnaoishi mijini mmefunga milango: mtu akikuita kula, usimwambie umeshiba. Huyo anayekuita hajakuuliza habari za tumbo. Nyanyuka tu, hata kama umekasirika, hata kama chakula kimeungua, kaa kwenye ukingo wa mkeka. Wengine tulipoteza nyumba ndipo tukaambiwa hili.

Sasa nawaachia uwanja. Wastaafu mliomo humu, hebu niambieni, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni mnafanya nini? Nataka majibu ya kweli, sitaki ya kufuga kuku. Na waliowahi kuonja chakula cha kigeni wakakiharibu kwa nia njema, jitokezeni, tusiachwe mimi na Shomari peke yetu.

Nitasoma komenti zote. Nikichelewa kujibu, mjue nipo mkekani na watu.